Kilio Kisicho na Sauti cha Helene Weigel

Tarehe 11 Januari 1949, katika ukumbi wa Deutsches Theater mjini Berlin, mwanamke wa miaka 48 alikuwa ameketi jukwaani akisubiri kujua kama mwanawe atauawa. Milio ya bunduki ikasikika. Mwanamke yule akarudisha kichwa nyuma, akapanua kinywa mpaka mwisho wake, na sauti haikutoka. Kisha akakifumba. Mbele yake walikuwa wameketi watu wa mji uliobomolewa kwa mabomu, ambao wengi wao walikuwa wamezika watu wao.

Mwanamke huyo ni Helene Weigel, na tamthilia ni Mama Courage na Wanawe ya Bertolt Brecht, mumewe. Mama Courage ni mchuuzi anayefuata majeshi na mkokoteni wake katika vita vilivyoitesa Ulaya tangu 1618 hadi 1648. Vita ndivyo vinavyomlisha, na vita hivyo hivyo vinamnyang'anya watoto wake watatu. Mwana aliyepigwa risasi angeweza kukombolewa kwa fedha, lakini mama alivutana juu ya bei mpaka muda ukaisha. Ndiyo maana hawezi kulia kwa sauti. Akilia, askari watajua kuwa yeye ndiye mama, naye ataangamia pamoja na binti yake aliyebaki naye. Waswahili tunasema machozi ya samaki huenda na maji. Weigel alituonyesha samaki huyo.

Kinywa kile kilifunuka kwa muda mfupi tu, lakini kilitayarishwa kwa miaka mingi.

Alizaliwa Vienna tarehe 12 Mei 1900 katika familia ya Kiyahudi, akaanza kuigiza Frankfurt mwaka 1919, kisha akahamia Berlin. Mwaka 1929 alipewa nafasi ndogo katika onyesho la Oedipus lililoongozwa na Leopold Jessner: mtumishi anayeleta habari kwamba bibi yake amekufa. Nafasi ya namna hiyo humshawishi mwigizaji ajigaragaze ili hadhira imkumbuke. Weigel aliitoa habari ya kifo kwa sauti kavu yenye kupenya, bila kilio, akawaachia watazamaji mzigo wa kulia. Brecht aliandika juu ya usiku ule, na nadhani mbegu ya 1949 ilipandwa hapo.

Mwaka 1933 Wanazi walipotwaa madaraka, alikimbia na mumewe na watoto. Denmark, Sweden, Finland, na kuanzia 1941 Marekani. Mwigizaji aliyetengwa na lugha yake ni seremala aliyenyang'anywa randa. Mwaka 1937 aliigiza mjini Paris, kwa Kijerumani, katika Bunduki za Bi Carrar, lakini nafasi kama hizo zilikuwa chache. Inasemekana kwamba Kattrin, binti bubu wa Mama Courage, alibuniwa ili Weigel apate kuigiza katika nchi ambayo hakujua lugha yake. Huko Hollywood alionekana kidogo tu katika filamu ya The Seventh Cross ya 1944, bila kusema neno. Miaka hiyo alipika, alishona, aliendesha nyumba.

Watu huihesabu miaka hiyo kuwa hasara. Mimi naamini mikono yake ilikuwa chuoni. Aliporudi jukwaani alijua uzito wa sufuria, jinsi mtu anavyokamua nguo, jinsi fukara anavyoshika fedha. Vifaa vya jukwaani alivichagua mwenyewe kwa makini, akitafuta vyombo vilivyotumika kweli kweli. Kwenye koti lake la Mama Courage alichomeka kijiko, kama mtu asiyejua mlo ujao utamkuta wapi.

Na kiunoni alikuwa na mfuko wa ngozi. Ukitaka kuujua ufundi wa Weigel, ufuate mfuko huo. Akipewa sarafu, anaing'ata kwanza kuhakikisha si ya bandia. Mwisho wa tamthilia Kattrin naye ameuawa, na mama lazima awalipe wakulima wamzike. Anafungua mfuko, anatoa sarafu, anazitazama, anairudisha moja, halafu anatoa zilizobaki.

Sarafu hiyo moja imenikaa moyoni kuliko kinywa kilichofunuka. Mama huyu anampenda mwanawe, na hapo hapo biashara imeshaingia kwenye vidole vyake kiasi kwamba hata kaburini anapunguza bei. Mwandishi angehitaji hotuba nzima kulieleza jambo hilo. Weigel alilieleza kwa vidole viwili, bila kumhukumu mama wala kumtetea.

Hata kile kilio kilikuwa na asili yake. Brecht aliandika kwamba huenda kilitokana na picha ya gazeti ya mama wa Kihindi aliyeinamia maiti ya mwanawe, Singapore iliposhambuliwa kwa mabomu. Kama ndivyo, Weigel aliiona, akaihifadhi, na miaka baadaye mwili wake ukaikumbuka. Msanii wa kweli ana ghala, na hachoti kutoka humo mpaka siku ya haja.

Mwaka 1949 alianza kuongoza kundi la Berliner Ensemble, akaliongoza mpaka kufa kwake. Mwaka 1954 walitukuzwa Paris kwa Mama Courage. Mwaka 1956, mara baada ya Brecht kufariki, aliwapeleka London. Si ajabu kwamba Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia ya Kinjeketile, alifanya udaktari wake katika mji wa kundi hilo, Chuo Kikuu cha Humboldt. Berlin ya Mashariki ilikuwa shule ya tamthilia. Aprili 1971 Weigel alikuwa bado jukwaani, nchini Ufaransa. Alifariki tarehe 6 Mei, siku sita kabla ya kutimiza miaka 71.

Ninawaambia hasa waigizaji wetu vijana, ambao mara nyingi wakiigiza msiba hukimbilia kupiga mayowe: itafuteni filamu ya Mama Courage ya kundi lake, iliyotoka mwaka 1961. Msikingoje kilio peke yake. Itazameni mikono ya yule mama kila inapougusa mfuko.