Kani, nguvu na chukudu: istilahi za sheria za mwendo katika Kiswahili

Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, dai la kwamba Kiswahili hakina maneno ya fizikia limekosa msingi. Hata hivyo, katika Kongo, ambako fizikia ya sekondari hufundishwa kwa Kifaransa, tatizo limebaki. Mwanafunzi hukariri sheria tatu za Newton bila kukosea. Akiombwa aeleze kwa Kiswahili kwa nini kinga husimama, maelezo yake hupingana na alichokariri. Je, kosa ni la lugha, au ni la namna istilahi zinavyotumiwa?

Chanzo cha kwanza ni neno nguvu. Katika mazungumzo hutaja misuli, umeme, mamlaka na hata afya. Chukudu iliyosheheni viazi inapoteremka kutoka Kibumba kwenda Goma, kisha ikafika mahali tambarare na kupunguza mwendo, watu husema kwamba nguvu yake imekwisha. Usemi huo huifanya nguvu kuwa akiba iliyomo ndani ya chombo, nayo huisha kama maji mtungini. Sheria ya kwanza yasema kinyume: chombo kingeendelea na mwendo ule ule, katika mstari ulionyoka, kama kisingezuiwa. Istilahi kani, inayotaja tu kile kinachosukuma au kuvuta kitu, ilichaguliwa vema, kwa kuwa huepuka mchanganyiko huo.

Wala mchanganyiko huo si dalili ya udhaifu wa Kiswahili. Newton mwenyewe, akiandika kwa Kilatini mwaka 1687, aliita inesha kwa neno lile lile alilotumia kwa kani, akidhani ni nguvu iliyomo katika kitu. Wanafizikia wa leo hawaihesabu inesha kuwa kani.

Lakini kuteua nomino hakutoshi, na hapa ndipo kazi ya wanaistilahi inapostahili kukosolewa. Wamefasiri majina na kusahau vitenzi, ilhali utajiri wa Kiswahili umo katika minyambuliko. Mtu akisema chukudu imesimama, hakuna anayeuliza swali. Akisema imesimamishwa, sarufi yenyewe yadai mtendaji: imesimamishwa na nini? Jibu ni msuguano: wa magurudumu na barabara, wa ekseli, na wa kipande cha mpira ambacho mwendeshaji hukikanyaga juu ya gurudumu la nyuma ili kufunga breki. Viambishi viwili vyafundisha sheria ya kwanza kuliko neno inesha, ambalo halimwambii mwanafunzi lolote kabla ya kufafanuliwa.

Sheria ya tatu yaonyesha jambo hili wazi zaidi. Walimu wengi hufasiri jozi ya Kifaransa kwa maneno tendo na jibu. Jibu hufuata swali, nalo humrudia aliyeuliza. Hivyo mwanafunzi hudhani kwamba kani ya pili huja baadaye. Sivyo. Mwendeshaji anaposukuma ardhi nyuma kwa mguu, papo hapo ardhi humsukuma yeye mbele. Mguu na ardhi husukumana. Kauli ya kutendana huweka pande mbili katika neno moja na wakati mmoja.

Kauli hiyo ina mipaka yake. Watu wawili wakisukumana, msikilizaji hudhani kwamba mwenye misuli hutoa kani kubwa zaidi. Mwalimu hana budi kuongeza kwamba kani hizo ni sawa kwa ukubwa, na kwamba kila moja hutenda juu ya kitu tofauti. Ndiyo maana haziondoleani. Vivyo hivyo neno uzito lahitaji tahadhari: gunia lina tungamo la kilo 50, bali uzito wake, yaani kani ambayo dunia hulivuta kwayo, ni takriban nyutoni 490. Mizani ya sokoni haitofautishi. Darasa lazima litofautishe.

Kwa hiyo orodha za istilahi zihifadhiwe, lakini zisiachwe peke yake. Kila nomino ya kisayansi ipewe sentensi zake, na vitenzi vyenye minyambuliko inayofaa. Pasipo hivyo, mwanafunzi wa Kongo ataendelea kuwa na fizikia mbili: moja ya mtihani, kwa Kifaransa, na nyingine ya barabarani, kwa Kiswahili. Hiyo ya pili ndiyo atakayoitumia anapoteremka mlima na mzigo.