Takriri katika Kisa cha Eliya

Watahiniwa wengi hudai kwamba mhusika aliyechoka amepungukiwa na imani. Hebu wakisome kisa cha Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii huyu, punde baada ya ushindi wa Karmeli, anamkimbia Yezebeli, anaketi chini ya mretemu jangwani na kuomba afe. Hakemewi. Analala, malaika anamgusa, anakula na kunywa; kisha analala na kulishwa tena. Takriri hii inautunza mwili kwanza.

Takriri ya pili ina uzito zaidi. Huko Horebu anaulizwa anafanya nini pale, kabla ya upepo, tetemeko na moto, na tena baada ya sauti ya utulivu. Jibu lake ni lile lile. Kinachobadilika ni mwelekeo wake: anatumwa arudi, naye anampata Elisha wa kumhudumia.

Basi mwalimu, mwelekeze mwanafunzi autafute upya wa mhusika katika matendo, si katika kauli pekee. Nawe Mkristo uliyechoka, ukijikuta ungali na malalamiko yale yale, usikate tamaa. Jiulize kama umeinuka.