Wembe, Kibano na Mswaki

Magari mengi yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani huwa yameoshwa yakang'aa, lakini zulia la sakafuni halijui kuficha. Sogeza kiti cha dereva nyuma, utakuta tundu jeusi lenye ukingo mgumu, dogo kuliko kifungo cha shati. Hapo sigara ilimponyoka mtu. Ncha ya sigara inayovutwa hupita nyuzijoto 600, na nailoni huyeyuka kabla ya nusu ya joto hilo, kisha ikaganda kama jiwe.

Yuko mzee mtaani Gerezani, Dar es Salaam, ambaye nimependa kumtazama akishughulika na matundu hayo. Haanzi na tundu. Huanza chini ya kiti, mahali jicho la abiria halifiki, akakwangua manyoya ya zulia kwa wembe hadi apate kijirundo kwenye kiganja. Manyoya ya hapo yana rangi kali mno, kwa kuwa jua halikuyafikia. Basi huenda ukingoni mwa mlango, akakwangua mengine yaliyopauka, akayachanganya kwa kidole taratibu, akiyainua kwenye mwanga na kuyashusha tena. Niliwahi kumuuliza kwa nini asinunue kipande dukani. "Kijivu kiko tele Kariakoo, mwanangu," alisema, "ila si hiki."

Ndipo hukata ule ukingo mgumu, akatia gundi kidogo, akapandikiza manyoya kwa kibano, na mwisho akayachana kwa mswaki yalale upande wanaolala wenzao. Kama moto umepenya hadi chini, hutumia kipande cha bomba kilichonolewa mdomo: hukata duara kwenye jeraha, akakata la pili lililo sawa nalo chini ya kiti, akalihamisha juu ya kitambaa alichokwisha kutandaza kwa ndani.

Na lile tundu jipya la kule chini? Nalo huliziba, kwa uangalifu ule ule. Hakuna atakayeinama kulitazama, na mteja hakuliagiza. Kwangu mimi ufundi wake wote umo humo. Ndivyo walivyofanya kazi waliotililia kanzu za wazee wetu, upande wa ndani ukawa nadhifu kama wa nje.

Siku hizi dawa ya tundu ni kulifunika. Linatandikwa kapeti nene la plastiki juu ya zulia, gari likauzwa, na mnunuzi akaridhika. Maji ya masika huingia chini ya plastiki hiyo yasipate pa kutokea. Zulia linaoza, harufu inapanda, na bati la sakafu linaanza kuliwa na kutu. Tundu moja la sigara limezaa uozo wa sakafu nzima.

Kazi ya mzee inapokamilika, mteja haoni chochote, naye huona uchungu kukilipia. Nimesikia watu wakimpunguzia bei aliyokwisha kupatana nao, eti mbona hakuna kilichobadilika. Vijana waliokaa kando yake wamehamia kwenye kufunga redio na skrini, kazi inayoonekana na kulipwa papo hapo. Siwalaumu hata kidogo. Lawama zangu ni kwa wenye magari, wanaotoa fedha nyingi kwa skrini ya kung'aa kisha wakabishana na mzee kwa bei ya chakula cha mchana.