Diski za kompyuta ya nyumbani Kalemie

Diski za kompyuta mpya mjini Kalemie huchaguliwa kwa kutazama umeme kwanza, bei baadaye. Umeme wa mji hutoka kituo cha Bendera, kwenye mto Kyimbi upande wa kaskazini, na kukatika ghafla ni kawaida yake.

Diski ya kuzunguka ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea nanomita chache tu juu yake. Umeme ukikatika, diski za kisasa hutumia nguvu ya mzunguko uliobaki kurudisha kichwa mahali salama. Kinachopotea ni data iliyokuwa ikingoja kuandikwa.

SSD, diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina sahani wala kichwa, na wauzaji huisifu kwa hilo. Kasi yake haina ubishi: inayounganishwa kwa njia ya SATA hufika takriban MB 550 kwa sekunde, ya njia ya NVMe kizazi cha 3 karibu 3,500, ilhali diski ya kuzunguka mara nyingi haivuki 250. Ila SSD nyingi za bei nafuu hazina kapasita za kuimaliza kazi ya kuandika umeme unapokatika, hivyo nazo hudhurika.

Wengine hushauri RAID, mfumo wa kuunganisha diski ulioelezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley, Marekani. RAID 0 hugawa faili kati ya diski mbili. Moja ikifa, data yote imekwenda. Kwa nyumba yenye picha za harusi ni kamari. RAID 1 huandika kitu kilekile kote kuwili, na ni afadhali, lakini faili ikifutwa hapa imefutwa na kule, na mwizi hubeba kompyuta nzima.

Mpango unaofaa ni SSD moja ya GB 500 ndani, kwa mfumo endeshi na kazi za kila siku, pamoja na diski ya kuzunguka ya nje ya TB 1 kwa nakala. Hiyo ya nje huchomekwa wakati wa kunakili tu, kisha huhifadhiwa nyumba nyingine, ikiwezekana kwa ndugu anayekaa mlimani: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifurika hadi kwenye makazi ya ufukweni. SSD haifai kwa akiba ya namna hiyo, kwani ikikaa muda mrefu bila umeme data yake hufifia.

Fedha ya diski ya pili ya ndani, ile ambayo RAID ingehitaji, inunue UPS, betri inayoishikilia kompyuta umeme unapokatika.