Ufunguo Bandia au Ufunguo wa Badala?

Hivi karibuni tuliletewa tuihakiki tafsiri ya mwongozo wa kutunza magari ya kale. Kwa jumla mfasiri ameifanya kazi yake vyema, lakini katika sura ya vitasa amejikwaa: ufunguo unaotengenezwa baada ya ule wa asili kupotea ameuita “ufunguo bandia”.

Istilahi hii haifai. Bandia ni kitu cha kughushi, kama vile noti bandia. Mwenye gari halali akiandika katika taarifa ya polisi au dai la bima kwamba analiendesha gari lake kwa ufunguo bandia, amejishitaki mwenyewe.

Mahali pengine mfasiri ametumia “nakala”. Neno hili ni zuri, ila pasipo asili hapana nakala. Tuchukue mfano wa Ford Model T, gari lililoundwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927. Funguo za swichi yake zilizotiwa namba zilikuwa za aina 24 tu, tangu 51 hadi 74. Namba ikijulikana, ufunguo mwingine hupatikana bila ya kuuona ule wa kwanza. Katika vitasa vingine vya kale, ikiwa namba imefutika, fundi hutia ufunguo usio na meno, huuzungusha kwa nguvu kidogo, husoma alama zilizobaki juu yake, kisha huchonga kwa tupa hapo penye alama. Hurudia hivyo mpaka kitasa kifunguke. Ni nakala ya nini basi?

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi nne zitenganishwe:

(a) ufunguo wa akiba: wa pili unaowekwa kwa dharura;
(b) nakala ya ufunguo: uliochongwa kwa kufuata ufunguo uliopo;
(c) ufunguo wa badala: uliotengenezwa baada ya ule wa asili kupotea;
(d) ufunguo usiochongwa: chuma kabla ya kutiwa meno.

“Bandia” ibakie kwa ufunguo wa mwizi. Nao “ufunguo malaya”, yaani ule mmoja ufunguao vitasa vingi, tusiukatae kwa kuona haya, umekwisha kuzoeleka.

Hatimaye, mfasiri ameandika “kuzalisha ufunguo”. Funguo hazizaliwi, huchongwa. Lau angalimwuliza fundi yeyote wa kando ya barabara, angalipewa neno hilo bure.