Shubiri ya Kwanza ya Waya: Namna ya Kuipima Kazi Iliyo Nyuma ya Paneli

Paneli ya vyombo, yaani bamba la alumini linalosimama mbele ya rubani likiwa limebeba skrini, redio na swichi, ndiyo sehemu ya ndege ya kujengwa nyumbani inayosifiwa kuliko zote, na ndiyo inayosifiwa kwa ujinga kuliko zote. Picha hupigwa kutoka kwenye kiti cha rubani, rangi ikiwa bado mbichi na skrini zikiwaka, kisha watu ambao hawajawahi kulala chali chini ya paneli na tochi mdomoni huitangaza kazi hiyo kuwa haina tofauti na ya kiwandani. Waliosema usione vyaelea, vimeundwa, walikuwa wakitazama majahazi, lakini neno lao halijapata kufaa kama linavyofaa hapa, kwa kuwa uundaji wote wa paneli uko upande ambao kamera haifiki.

Nchini Marekani, ambako Paul Poberezny aliasisi chama cha wajenzi wa ndege za majaribio huko Wisconsin mwaka 1953, sheria inamruhusu raia wa kawaida kujiundia ndege yake na kuirusha, mradi sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu wanaojenga kwa kujifunza au kwa kujifurahisha. Mjenzi huyo halazimiki kuwa na cheti cha ufundi ili afunge avioniki, yaani vyombo vya kielektroniki vinavyomwezesha rubani kuongoza ndege na kuwasiliana. Mamlaka ya anga ya nchi hiyo ilitoa mwaka 1998 toleo la mwongozo wa ufundi, AC 43.13-1B, ambao mafundi wa ndege hizi huutumia kama msahafu ingawa haukuandikwa kwa ajili yao. Wanaoutaja ni wengi. Waliosoma sura yake ya nyaya ni wachache, na hilo huonekana mara tu tochi inapowashwa.

Jambo la kwanza kutazamwa ni trei, yaani kijaluba chembamba cha alumini ambacho redio huteleza ndani yake na kukazwa kutoka mbele kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Redio yenye upana wa kawaida wa inchi 6.25 hurudi nyuma ya paneli kwa kina kinachoweza kufikia inchi 11, na uzito wake wote ukiachiwa skrubu za mbele peke yake, kila tetemeko la injini na kila kishindo cha kutua huifanya trei kuwa wenzo unaoinamisha paneli, hata nyufa zianze kwenye pembe za matundu. Trei ya mtu mwenye akili imeshikwa pia kwa nyuma, kwa pembe za alumini zilizopigwa ribiti kwenye paneli ndogo ya ndani. Trei iliyokazwa mpaka ikapinda ni mbaya kuliko isiyokazwa, kwa kuwa redio itakwama njiani na pini zake za nyuma hazitaingia zote, na mwenye ndege atakaa mwaka mzima akilalamika kwamba redio yake ina mapepo. Kuhusu trei hakuna la zaidi, na fundi anayeshindwa hapo hana haja ya kuchunguzwa mbele zaidi.

Kinachowapita wapenzi wote wa picha ni shubiri ya kwanza ya waya, yaani urefu wa kiganja kilichotanuliwa, kuanzia pale waya unapotoka kwenye kiunganishi cha nyuma ya chombo hadi unapofika kwenye klampu ya kwanza. Kiunganishi chenyewe mara nyingi ni kile chenye umbo la herufi D, ambacho hubeba pini 9, 15, 25 au 37, na kila pini nzuri ina kitundu kidogo ubavuni, kilichowekwa ili macho yaone kama nyuzi za shaba zimefika ndani baada ya kubanwa kwa koleo la meno manne. Fundi mwongo hubana pini kwa koleo la kawaida, na kitundu chake huwa kitupu. Baada ya pini hutazamwa ala, yaani soksi ya nyuzi za chuma iliyosukwa kuzunguka waya ili kuzuia kelele za umeme, ambayo inapaswa kuvuliwa kwa urefu mfupi iwezekanavyo kisha kupelekwa kwenye mwili wa kiunganishi; ikiachwa ikining'inia kama mkia wa mbuzi, rubani atausikia mvumo wa altaneta, yaani jenereta ya injini, katika vipokea sauti vyake.

Kisha linakuja lile hasa linalotenganisha mafundi, nalo ni ulegevu. Mwongozo uliotajwa unataka waya kati ya klampu mbili usilegee zaidi ya nusu inchi ukisukumwa kwa mkono, na wanagenzi hulichukua agizo hilo wakalipeleka mpaka kwenye kiunganishi, wakavuta kila waya ukawa kamba ya gambusi. Kazi ya namna hiyo hupendeza machoni, na ndiyo inayosifiwa, lakini skrini iliyofungwa hivyo ikifunguliwa skrubu zake za mbele husogea upana wa vidole viwili na kusimama, na mkono hauingii kukifikia kiunganishi. Katika shubiri ya kwanza waya hudai mkunjo wa akiba, ambao hushuka chini ya kiunganishi kisha ukapanda tena, ili chombo kivutike mbele hadi mkono upite, na ili maji yanayovuja kwenye kioo cha juu yadondoke kutoka kwenye tumbo la mkunjo badala ya kufuata waya hadi kwenye pini. Husimuliwa juu ya fundi mmoja mzee wa redio za ndege ambaye kabla ya kukabidhi kazi huichomoa skrini, huilaza kifudifudi juu ya kiti cha rubani huku nyaya zote zikiwa zimeunganishwa, kisha huenda kunywa kahawa, na mwenye ndege akirudi kuikuta hivyo huelewa bila kuambiwa analipia nini.

Nyaya hufungwa kwa uzi uliotiwa nta, fundo moja kila baada ya vidole vitatu, na mafundo yote yatazame upande mmoja. Vifungo vya plastiki vimeruhusiwa na vinatosha, lakini ncha zake zilizokatwa kwa mshazari huchana mikono kama wembe, na inatosha kusema kwamba nyaya za gari la Curiosity, lililotua kwenye Mirihi mwaka 2012, zilifungwa kwa uzi. Waya uwe mweupe na uandikwe namba. Nyaya za rangi saba ni za vitu vya watoto. Ikiwa fundi amefunika fungu zima kwa koti jeusi la plastiki, aulizwe anaficha nini. Na ikiwa nyuma ya paneli pananuka siki, basi kuna aliyepaka gundi ya silikoni ya dukani, ambayo inapokauka hutoa asidi inayokula shaba, na hapo hata kiti kisikaliwe.

Kihisi cha mkao, kile kiboksi kinachoiambia skrini kama ndege imeinama au imenyooka, kifungwe kwenye muundo imara, sambamba na mhimili wa ndege, kisining'inizwe kwenye kibati kinachotikisika. Wengi hulijua hilo, maana maelekezo ya chombo hulirudia kila ukurasa.

Zamani, wakati paneli ilipokuwa na matundu ya mviringo ya inchi tatu na moja ya nane na mishale iliyosukumwa na hewa, mjenzi alichora mchoro wa nyaya kwa penseli, akaufuta, akauchora tena, na karatasi hiyo yenye madoa ya mafuta ilikaa ndani ya ndege maisha yake yote. Tony Bingelis aliwafundisha wajenzi wa vizazi kadhaa kwa michoro ya namna hiyo katika vitabu vyake. Leo fungu la nyaya huagizwa likiwa tayari limebanwa pini, na kazi ya ndani imekuwa bora kwa kweli, bora kuliko ya wengi waliochora kwa penseli. Lakini wanaolinunua huukunja urefu uliozidi na kuusokomeza juu ya kanyagio za usukani kama chandarua asubuhi, wasijue kwamba mguu wa rubani hupita hapo.

Basi anayealikwa kuisifu paneli asisifu kabla ya kumwomba mwenye ndege aivute skrini moja mbele. Skrubu huwa ni nne tu, na mwenye ndege akianza kwa kutafuta mkasi, jibu limekwisha kupatikana.