Pori, Mbuga na Jangwa: Uhakiki wa Istilahi za Mabadiliko ya Ardhi kwa Mfano wa Urambo

Katika kazi ya kusanifu istilahi hutokea mara nyingi kwamba neno huonekana limekamilika mezani, likapigwa chapa, likaenea maofisini, kisha likashindwa kufanya kazi mara linapofika shambani. Madhumuni ya makala haya ni kuyahakiki maneno machache ya namna hiyo, yaani yale yanayotumika kuelezea mabadiliko ya mazingira na ya uso wa ardhi. Tumeichagua Urambo, katika Mkoa wa Tabora, iwe kipimo chetu, kwa kuwa ardhi yake imebadilishwa mara nyingi, kwa mikono mingi, na kila badiliko limepewa jina kulingana na aliyelifanya.

Urambo imepata jina lake kwa Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, na ambaye mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora kwenda Ujiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki. Katika sehemu nyingi za magharibi ya nchi, watu na mifugo walipopungua, vichaka viliyarudia makonde, mbung'o wakavifuata vichaka, na malale yakawafuata mbung'o, hata utawala wa Waingereza ukawahamisha watu na kuwakusanya katika makazi maalumu. Mwaka 1947 ulianza mpango wa karanga, uliokusudia kulima ekari 3,210,000, na Urambo ikawa mojawapo ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Nachingwea. Miti ilisukumwa kwa matrekta makubwa, lakini mwaka 1951 mpango ukafutwa, ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 30. Nafasi ya karanga ikashikwa na tumbaku. Baadaye yakafuata makazi ya wakimbizi kutoka Burundi huko Ulyankulu, tangu 1972, kisha Operesheni Vijiji, na kuingia kwa wafugaji na wakulima kutoka Usukuma.

Mtu anayetaka kuieleza historia hiyo kwa Kiswahili hana upungufu wa maneno. Shida yake ni kwamba maneno aliyopewa hayatenganishi mambo yanayopaswa kutenganishwa.

1. Pori na msitu

Mwananchi wa Urambo aliyezungukwa na mitundu, mininga na miyombo husema kwamba amezungukwa na pori. Msitu, kwake, ni mahali penye miti mirefu iliyosongamana, penye giza na unyevu, au ni eneo lililowekewa mipaka na serikali. Mtaalamu, kwa upande wake, hutumia fasili ya hesabu. Katika taarifa za Tanzania kuhusu hewa ya ukaa itokanayo na misitu, msitu ni eneo lisilopungua nusu hekta, lenye miti inayoweza kufikia urefu wa mita 3, na ambalo matawi yake yanafunika angalau asilimia 10 ya ardhi. Kwa fasili hiyo sehemu kubwa ya pori la Urambo ni msitu.

Fasili zote mbili ni halali, kila moja mahali pake. Kosa hutokea pale mwandishi wa bango au kijitabu anapoandika "Tusikate misitu" akidhani amewasiliana na mkulima wa tumbaku. Mkulima husoma, hukubali, kisha huenda kukata kuni za bani lake porini, na moyoni mwake hajavunja agizo lolote. Hapa hatuwezi kumlaumu kwa ukaidi. Agizo halikumtaja. Tunashauri kwamba maandishi yanayokusudiwa umma yaandike "misitu na mapori", na kwamba neno "msitu" peke yake, kwa maana ya hesabu, liambatane na fasili yake kila linapotumika katika taarifa ya kitaalamu.

Yafaa tukumbuke pia kwamba si kila pori ni la tangu zamani. Kiswahili kina neno "mahame", yaani mahali palipokuwa na watu, nao wakapahama. Ni neno lenye thamani kubwa, nalo limetupwa bure. Kuliita hame "pori la asili" ni kufuta kumbukumbu ya waliolima pale. Mtafsiri anayehitaji neno la ardhi iliyorudiwa na miti baada ya kuachwa asihangaike kuunda jipya.

2. Mbuga

Neno "mbuga" limepatwa na mkasa wa aina nyingine. Unyamwezini na Usukumani mbuga ni bonde tambarare lenye udongo mweusi wa mfinyanzi, linalojaa maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Huko ndiko mpunga hulimwa katika majaruba. Wataalamu wa udongo wa Afrika Mashariki walilipokea neno hilo kwa maana hiyo hiyo katika maandishi yao ya Kiingereza, kama wataalamu wa mimea duniani kote walivyopokea "miombo" kutoka lugha za Kibantu za ukanda huu. Lakini katika Kiswahili cha magazeti na vitabu vya shule, mbuga imekuwa mahali pa kutazamia simba na twiga.

Basi tumfikirie mwalimu wa Urambo anayewaambia wanafunzi kwamba kulima ndani ya mbuga ni kosa la jinai, na wanafunzi wenyewe wamekula asubuhi kiporo cha wali wa mbugani. Ama watamwona mwalimu hajui, ama watawaona wazazi wao ni wahalifu. Istilahi "hifadhi ya taifa" ipo, ni ya kisheria, na inatosha. Tungependa "mbuga" irudishiwe kazi yake ya elimu ya ardhi, hasa kwa kuwa hatuna neno jingine moja linalobeba udongo, umbo la bonde na majira ya maji kwa pamoja.

3. Jangwa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1994 unahusu kudhoofika kwa ardhi katika nchi kame, nusu kame na zile zenye unyevu mdogo. Waandishi wetu wengi huieleza dhana hiyo kwa kusema "kuenea kwa jangwa". Picha inayoingia akilini ni ya mchanga unaotembea kutoka kaskazini, ukimeza kijiji baada ya kijiji. Lakini Tabora hupata mvua ya takriban milimita 900 kwa mwaka. Ardhi yake inaweza kudhoofika sana bila chembe moja ya mchanga wa jangwa kuonekana: udongo wa juu ukaoshwa, mavuno yakapungua, kuni zikafuatwa mbali zaidi kila mwaka. Mtu anayelisubiri jangwa kwa macho hatalitambua tatizo lililoko miguuni pake. "Kudhoofika kwa ardhi" ni maneno yasiyotisha, lakini yanasema kweli.

Wenyeji, kwa hakika, wanazijua daraja za ardhi kwa undani kuliko mabango yetu. Kisukuma kina "luseni" kwa udongo wa kichanga na "ibambasi" kwa udongo mgumu ulioshikana. Kamati ya istilahi inayotaka majina ya hali za udongo ingeanza huko kabla ya kufungua kamusi za kigeni.

4. Uharibifu: nani ametenda?

Tunafika sasa kwenye neno linalotumika kuliko yote, "uharibifu". Ni nomino itokanayo na kitenzi "haribu", ambacho kinahitaji mtendaji. Atakayesema "uharibifu wa mazingira" amekwisha kumshtaki mtu, hata kama hakumtaja. Kiswahili kina kauli mbili zinazosimama bega kwa bega: haribu na haribika, geuza na geuka, momonyoa na momonyoka. Kwa udongo tulichagua vizuri, tukasema "mmomonyoko", neno linaloeleza tukio bila kutoa hukumu. Kwa miti tulichagua hukumu kwanza.

Upendeleo wa hukumu hiyo huonekana wazi Urambo. Matrekta ya mwaka 1947 yalipoangusha miti, kazi hiyo iliitwa maendeleo, na hata leo mwenye shamba kubwa husemwa kwamba "amefungua pori" au "amesafisha eneo". Mkulima mdogo akikata miti kwa shoka ili apate konde la tumbaku, hutajwa chini ya kichwa cha habari "uharibifu". Tendo ni lile lile, miti ni ile ile, ila jina hufuata cheo cha mtendaji. Tena mkulima huyo hakati kwa kupenda. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto wa kuni, na konde lililochoka au lililoingiliwa na minyoo ya mizizi humlazimisha kutafuta ardhi mpya. Nyuma ya shoka lake yuko mnunuzi na iko bei ya soko. Neno "uharibifu" humwonyesha mwenye shoka na kuwaficha waliobaki.

Zaidi ya hayo, neno hilo huchanganya aina za mabadiliko ambazo sayansi huzitenga. Kwanza, pori linaweza kuwa shamba au mji: sura moja ya ardhi imekwisha, nyingine imeanza. Pili, pori linaweza kubaki pori, huku likipungua unene na aina za miti. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Kwa fasili ya asilimia 10 tuliyoitaja, pori lililokuwa limefunikwa na matawi kwa asilimia 60 likashuka hadi 15 bado huhesabiwa kuwa msitu. Kwenye jedwali la mabadiliko litaandikiwa sifuri, ingawa kwa mrina asali na mtafuta kuni limekwisha kufa. Tatu, ardhi inaweza kurudiwa na miti.

Kwa hiyo tunapendekeza jozi tatu, kila moja ikiwa na kauli mbili. Kwa aina ya kwanza, "mgeuko" pale tunapoeleza tukio, na "ugeuzaji" pale mtendaji anapojulikana na kutajwa. Kwa aina ya pili, "ufifiaji" na "ufifishaji". Kwa aina ya tatu, "uotaji upya", miti inapochipua yenyewe, na "uoteshaji" inapopandwa. "Uharibifu" ubaki mahali pake, yaani penye kosa lililothibitishwa. Vivyo hivyo "athari" ibaki na maana yake pana ya alama iliyoachwa na jambo, iwe njema au mbaya. Mwandishi anayekusudia ubaya aandike "madhara". Na kwa jumla ya vitu vyote vilivyoifunika nchi, yakiwamo maji na mapaa ya nyumba, tuseme "uso wa ardhi", kwani "uoto" ni wa mimea pekee.

5. Ardhi isiyotumika

Huenda msomaji akaona tumezozana juu ya vivuli. Tutazame basi mahali ambapo neno linaweza kumnyang'anya mtu ardhi. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, katika kufasili ardhi ya jumla, iliingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huo huo, haikuyaweka maneno hayo. Wanasheria wamekwisha kuijadili hitilafu hiyo. Sisi tunauliza swali la lugha: "isiyotumiwa" maana yake nini?

Konde lililopumzishwa miaka kumi ili lirudishe rutuba linatumiwa, na kazi yake wakati huo ni kupumzika. Ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma na Wanyamwezi huyafunga wakati wa mvua ili mifugo iyakute kiangazi, huonekana tupu mwezi Januari kwa sababu ndivyo linavyopasa kuwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulirudisha miti katika maeneo mengi kwa kuufufua utaratibu huo huo wa ngitili. Laiti afisa angepita wakati huo akaandika kwenye jedwali lake "pori, halitumiki", angekuwa ameufuta utaratibu bora kuliko yote kwa maneno mawili. Kosa lake lingekuwa la kuuchanganya uso wa ardhi na matumizi ya ardhi. Uso huonekana kwa macho, hata kutoka angani. Matumizi hayajulikani ila kwa kuuliza.

Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2021, Bunge liliporekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria. Zamani afisa aliyetumia neno la Kiswahili kiholela aliweza kujitetea kwamba hati halisi ni ya Kiingereza. Utetezi huo unaondoka. Neno atakaloliandika mtafsiri leo ndilo litakalosomwa mbele ya baraza la ardhi, na mzee wa kijiji ataulizwa kama konde lake lilikuwa "linatumika".

Kwa sababu hiyo tunawaomba watafsiri wasiipitishe fasili yoyote ya ardhi kabla ya kuijaribu kwa mifano mitatu: hame, konde lililopumzishwa, na ngitili. Fasili itakayoshindwa kuitambua mojawapo irudishwe mezani. Walimu nao wawaachie wanafunzi wa Urambo mbuga yao, na watumishi wa serikali, kabla ya kuandika "uharibifu", wajiulize nani hasa ametenda, na kwa faida ya nani.